Ufa Ndani ya Shafti

Karwirwa alizaliwa Kianjai, binti wa mama muuza maharagwe meusi ya njahi, akasomea ufundi wa mitambo Nairobi. Kazi yake ilikuwa kupima vyuma kwa sauti. Mashine yake ndogo ilipeleka ndani ya chuma sauti ambayo sikio la mtu halisikii. Sauti hiyo ikikutana na ufa hurudi mapema, na mstari husimama kwenye skrini.

Mwaka 2014 alikosea. Kwenye kiwanda kimoja cha Meru aliona mstari wa namna hiyo, akasema shafti, mhimili wa chuma unaozungusha mashine, ni mbovu. Ilipokatwa ilikutwa nzima. Sauti ilirudishwa na bega tu, pale shafti inapoanza kuwa nyembamba. Tangu hapo habari hiyo ilimtangulia kila alikoitwa.

Miaka miwili baadaye akaitwa kiwanda cha chai huko Embu. Mafundi walikuwa wamefungua mashine ya kusaga majani, na walitaka kuifunga kabla ya saa sita. Mkuu wao, Injinia Kivuti, alimwonyesha shafti inayong'aa, akasema ni kupima tu kwa ajili ya fomu.

Karwirwa akaipangusa, akapaka jeli ya kupitisha sauti, akaweka kifaa cha kupimia mwishoni mwake. Mstari ukasimama.

Kivuti alichungulia, akamuuliza kwa upole, "Madam, hilo si bega kama lile la Meru?"

Karwirwa alichukua futi, akapima. Bega lilikuwa sentimita arobaini kutoka mwisho. Sauti ilikuwa inarudi kutoka thelathini na moja. Akapima kutoka mwisho wa pili, jibu likaangukia palepale. Kisha akakizungusha kifaa ubavuni. Upande mmoja sauti ilirudi kwa nguvu, upande mwingine haikurudi kabisa. Bega, au kiputo cha hewa ndani ya chuma, vingeirudisha sauti sawa pande zote.

"Ni ufa," alisema. "Umeingia kama sentimita tatu."

Kivuti akamkumbusha kwamba majani ya wakulima yalikuwa yamelala tangu jana, na shafti mpya isingefika kabla ya kesho. Akamuuliza kama ana hakika.

"Ile ya Meru sikuipima pande zote. Hii nimeipima."

Kivuti akawaambia mafundi wasiifunge. Majani mengine yalipelekwa kiwanda jirani, mengine yakamwagwa. Wakulima walinung'unika getini, na Karwirwa akapita katikati yao na sanduku lake bila kuinua macho.

Alhamisi Kivuti alimpigia simu. Walikuwa wameivunja shafti kwa presi, mashine ya kugandamiza, wakakuta ndani mwake doa jeusi la kutu ya zamani, lenye umbo la mwezi mchanga. Aliongea haraka, kama mtu aliyeponea ajali.

"Limeingia kiasi gani?" Karwirwa aliuliza.

"Karibu nne."

Karwirwa alifungua daftari, akakata ile tatu, akaandika nne, kisha akamuuliza ni lini angeweza kurudi kuzipima shafti za mashine nyingine za kiwanda.