Waya wa Shaba Mkononi mwa Mama Yake

Kinyongo changu nimekilea vizuri. Wengine huomba kiwatoke. Mimi nilikilisha, nikakivisha, nikaenda nacho mpaka chuo kikuu.

Sisi ni ukoo wa wahunzi, huku Hirbadaw. Baba anafua chuma na shaba kama baba yake alivyofua, na wafugaji wa uwanda huu wote huja kwake kutafuta mikuki, kengele za ng'ombe na bangili. Wanakuja, wanachukua, wanaondoka. Kuoana na sisi hawataki. Kijana wao akimpenda binti wa mhunzi, wazee hukaa kikao kana kwamba mtoto ameugua.

Mimi nilipendwa na kijana wao. Tulisoma pamoja sekondari kule Katesh, na tulipomaliza akawaambia wazazi wake kwamba anataka kunioa. Mama yake akaja nyumbani. Alisimama nje ya banda la kazi, akakataa kiti, akamwambia baba mbele yangu, "Mwambie binti yako amwache mwanangu. Sisi hatuchanganyi damu na watu wa chuma." Baba aliweka nyundo chini. Akajibu kwa upole, kama yeye ndiye aliyekosa, "Tumesikia, mama."

Kijana alifyata mkia, naye nilimsahau upesi kuliko nilivyotarajia. Mama yake sikumsahau. Kila nilipokumbuka ule upole wa baba, damu ilinichemka upya.

Nikaenda kusoma uhandisi, na huko ndiko nilikofundishwa kilichomo ndani ya waya wa shaba ambao baba hufanyia bangili. Atomu za shaba zimepangwa kama nyanya sokoni: safu ya chini, kisha kila nyanya ya juu imekaa kwenye kishimo kilichoachwa na zile za chini, na mpango huo unajirudia pande zote. Mpango huo ndio unaoitwa fuwele. Kinachozishika atomu pamoja ni elektroni, ambazo kwenye metali hazina mwenyewe. Kila atomu imetoa zake, nazo zinazunguka kwa wote. Chumvi haiko hivyo. Kwenye chumvi kuna anayetoa na anayepokea, na kila chembe yenye chaji chanya lazima ipakane na yenye chaji hasi. Ukiigonga, safu zikisogea kidogo tu, chanya inakutana na chanya, zinasukumana, bonge linapasuka. Shaba ukiigonga, safu zinateleza na muungano unabaki. Mwalimu alipofika hapo nilicheka peke yangu darasani, maana nilimwona mama yule na damu yake isiyochanganyika, bonge zima la chumvi.

Ila kuteleza nako kuna mwisho. Kila ukikunja waya, kasoro kwenye zile safu zinaongezeka na kukwamishana, mpaka safu zinakosa njia. Waya unakuwa mgumu, na dawa yake ni moto, ambao ndani yake fuwele hujipanga upya. Ndiyo maana baba huupasha waya mpaka uwe mwekundu, akauacha upoe, ndipo auzungushe kwenye mkono wa mtu. Ukishazungushwa umekuwa mgumu tena, na mkono wa mtu hauingii motoni. Bangili za namna hiyo hazivuliki.

Sasa nafundisha somo hilo hilo, na likizo ninamsaidia baba kwa sababu vidole vyake vimekakamaa. Likizo iliyopita mama yule akaja. Mwanawe alikuwa anaoa kesho yake, binti wa ukoo unaofaa, na yeye asingeweza kusimama mbele ya wakwe mkono mtupu, bila bangili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba yako yuko wapi?"

"Yupo ndani. Vidole vyake haviwezi tena. Nitakuvalisha mimi."

Aliangalia barabarani, kisha akakaa. Nikauchukua mkono wake, nikauweka gotini kwangu. Hiyo peke yake ilinipa raha.

Nilizungusha waya taratibu, mzunguko juu ya mzunguko, nikiubana vizuri. Nilipofika katikati nikaacha. Sehemu iliyobaki ilikuwa inaning'inia mpaka chini. Nikamwita baba, akaja na fimbo yake, akakaa mbele yetu.

"Mbona umeacha?" mama yule akauliza.

"Kuna maneno ulimwambia baba siku ile. Naomba uyarudie, yuko hapa."

"Maliza kazi, mwanangu."

"Mimi si mwanao, mama. Ulihakikisha mwenyewe."

"Basi ukate huu waya, niende."

"Nikiukata utaenda harusini na nusu bangili. Hii iliyokwisha kukaa haitoki."

Alijaribu kuivuta. Ngozi ikajikunja mbele ya waya, bangili haikusogea.

"Mwache, binti yangu," baba akasema. "Mmalizie aende."

"Hapana, baba." Sikuwa nimewahi kumkatalia mbele ya mgeni.

Mama yule aliinamisha kichwa. "Nilisema hatuchanganyi damu na watu wa chuma."

"Na hiyo uliyovaa unajua ni nini? Ni shaba ya njano, yaani shaba nyekundu na zinki zilizoyeyushwa pamoja. Kuchanganyika ndiko kulikoipa nguvu."

Akamgeukia baba, si mimi. "Niliogopa watu watanisema. Wewe ulinijibu kwa heshima, na mimi sikuwa nimekupa yoyote."

Baba akatikisa kichwa polepole, macho yake yakiwa chini. Nadhani alimwonea huruma. Mimi sikumwonea. Nilifurahi mpaka mikono ikawa myepesi, nikauzungusha waya uliobaki mpaka kwenye kifundo cha mkono, nikaibana ncha yake kwa koleo. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Aliugeuza mkono wake huku na huku.

"Na siku nikitaka kuivua?"

"Labda kwa msumeno, mama, na hapo itakuwa imeharibika."

"Kwa hiyo nitazikwa nayo."

"Ndiyo, mama," nikamwambia kwa adabu zote anazostahili mkubwa. "Mpaka kaburini utakuwa umeshikwa mkono na mhunzi."