Mbwa Aliyenyang'anywa Sauti

Tiopira Waaka alichunga kondoo kwenye vilima vya Mangatea, mashariki mwa New Zealand, kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumwambia mbwa anyamaze. Mbwa wa jamii ya Tahi, mbwa wake, kazi yao ni kelele. Hawang'ati, hawanyatii, husimama nyuma ya kundi wakabweka mpaka kondoo elfu moja wapande mlima wenyewe. Tahi, mweusi mwenye kifua cha hudhurungi, sauti yake ilivuka mabonde mawili. Watu walisema ukimsikia Tahi, teleka chai, Tiopira yuko njiani.

Kisha shamba likauzwa. Wenye mali wapya walitaka misonobari, hawakutaka kondoo. Siku tatu malori yalipakia kundi, na siku ya nne Tiopira, mwenye miaka sitini na mmoja na goti bovu, akahamia mjini kwa dada yake Mereana, kwenye nyumba ya vyumba viwili na ua ambao ungeufunika kwa mkeka.

Tahi alibweka humo uani. Alimbwekea mleta barua, akambwekea paka, wakikosekana wote akayabwekea mawingu. Jirani yao, Bi Prebble, mwalimu mstaafu, alivumilia wiki mbili, kisha akaja na keki mkononi na barua ya halmashauri mfukoni. Keki waliila. Barua ilisema kelele zikiendelea, mbwa atachukuliwa. Tiopira akanunua mkanda wa shingoni, ule unaompulizia mbwa harufu kali puani kila akibweka. Baada ya siku tatu Tahi alikuwa kimya kama maji ya mtungini. Bi Prebble akashukuru, Mereana akapata usingizi, na Tiopira mwenyewe akajiona fundi.

Wiki ya tatu Tahi akaanza kufukuza mkia wake.

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Mereana alishika mbavu, akamwita Bi Prebble aje kutazama, na kadiri walivyocheka ndivyo mbwa alivyozidisha. Lakini kicheko kilikauka upesi. Tahi alizunguka kabla ya kula, halafu akazunguka badala ya kula. Nyasi zikaisha, pakabaki duara la vumbi. Ukimwita, macho yalikupitia kama hukuwepo. Tiopira alimfokea, akazidi. Akamfunga mnyororo mfupi, akazunguka hapo hapo mpaka ukamkaba. Akampaka pilipili mkiani, akautafuna na pilipili yake. Asubuhi moja Mereana alikuta ukuta wa nje una madoa ya damu, yote kwa kimo cha mbwa, kama mtu aliyekung'uta brashi ya rangi.

"Kaka," alisema, na hakukuwa na mzaha tena, "huyu anajila mwenyewe."

Daktari wa mifugo, binti aitwaye Annelise, aliketi sakafuni na Tahi kwa muda mrefu. Alitafuta viroboto, akabonyeza mgongo na nyonga, maana wakati mwingine ni maumivu tu yanayomzungusha mbwa. Hakuona kitu. Lakini kidonda cha mkiani kilikuwa kimekaribia mfupa, na mbwa alikuwa amepungua kilo sita. Akasema bila kuzunguka mbuyu: wiki mbili, akaiandika tarehe kwenye kadi ya Tahi. Ikiwa hatakula na kidonda hakitafunga, sindano ya mwisho itakuwa ndiyo huruma.

Tiopira akauliza kama haitoshi kuukata mkia, kwani asipokuwa nao atafukuza nini.

"Ukate leo, mzee wangu, kesho atafukuza pale ulipokuwa. Nimewaona wa namna hiyo. Ugonjwa haumo mkiani." Akampapasa Tahi sikio. "Kule shambani alikuwa anafanya nini kutwa?"

"Anabweka."

"Na sasa?"

Vidole vinene vya Tiopira vilikuwa vimeshafika kwenye kifungo cha mkanda, vinahangaika kukifungua.

Annelise alimweleza polepole. Mbwa aliyezaliwa na kazi, ukimzibia, mwili wake hutafuta pengine pa kuitolea. Mara ya kwanza kuzunguka humpa nafuu, baadaye hugeuka kifungo asichojua kutoka. Kumkaripia ni kumchochea, na kumcheka pia ni kumchochea. Akampa vidonge ambavyo vingechukua majuma kufanya kazi. Mnyororo marufuku. Chakula kifichwe nyasini ili pua ipate shughuli. Na amchunge: kabla ya kuanza, mbwa huitazama nyonga yake, hapo ndipo pa kumwita na kumpa jambo jingine, kwa sauti ya kawaida. Kila mzunguko auandike.

Tiopira, ambaye maisha yake yote alikuwa ameandika idadi ya kondoo tu, akanunua daftari. Siku ya kwanza mara arobaini na tatu. Aligundua nyingi zilikuja malori ya magogo yalipopita barabarani. Tahi alifumbua mdomo, akaufumba, akageukia mkia. Siku ya tano thelathini na nane. Siku ya tisa arobaini tena, na bakuli halijaguswa. Mereana alimkuta kaka yake ameketi kwenye duara la vumbi, daftari mapajani, akarudi ndani.

Siku ya kumi Tiopira alimpakia Tahi kwenye pikapu, akampeleka Mangatea. Misonobari ilikuwa bado inafika magotini tu. Alisimama mahali pake pa zamani, akatoa amri ya miaka yote: "Sema!"

Tahi alifumbua mdomo. Akayalaza masikio, akafumba macho, akaingoja ile harufu, ingawa mkanda ulikuwa umekwisha tupwa. Kisha akaitazama nyonga yake, akaanza.

Tiopira alimwita, wapi. Na hapo akakumbuka kwamba mtoto wa mbwa hazaliwi anajua kubweka kwa amri. Hufundishwa, na mwalimu ni mchungaji, anayembwekea mpaka aitikie. Miaka mitano nyuma alimfundisha huyu huyu nyuma ya banda la kukatia kondoo manyoya, wenzake wakimcheka mpaka machozi.

Akapiga goti bovu chini, akaweka na mikono, akabweka.

Dereva wa lori la magogo alipunguza mwendo. "Mzee, uko salama?"

"Niko kazini," Tiopira alijibu, akaendelea.

Alibweka mpaka sauti ikapasuka, mpaka hakujua tena kama anabweka au analia. Tahi alipunguza. Akasimama, bandeji imening'inia, akainamisha kichwa upande. Ikatoka sauti moja, kavu, kama bawaba yenye kutu. Akatetemeka, akangoja aadhibiwe. Hakuna kitu. Akabweka tena.

Jioni alikula nusu bakuli. Akazunguka vilevile, mara ishirini na tisa.

Walirudi huko kila asubuhi. Siku ya kumi na nne Tiopira aliweka daftari mbele ya Annelise. Mstari wa mwisho: kumi na saba. Kidonda kilikuwa bado kibichi pembeni.

"Sauti yako imekwenda wapi, mzee wangu?"

Alinong'ona, akimwonyesha Tahi kwa kidevu: "Namkopesha huyu."

Annelise alisoma kurasa zote. Kisha akaifuta ile tarehe ya sindano, akaisogeza wiki mbili mbele. Akaiandika kwa penseli.