Askari wa Nyuma

Juzi nilimwona binti wa jirani akicheza sataranji barazani. Alipomsogeza askari wake hatua moja tu, nilikumbuka alasiri moja nyumbani kwetu, juu ya Lushoto. Mvua ilipiga bati, na jikoni kulinukia matunda ya plamsi yaliyoiva kupita kiasi. Kaka yangu Hoza alizoea kunishinda kwa kunirushia malkia wake mapema. Siku hiyo tulikubaliana kuwa mshindi ndiye angeshuka na baba kesho yake hadi Mombo, mji ulio chini ya milima yetu.

"Anza na huyu, hatua moja," dada Halima aliniambia. "Halafu mwenzake asimame mbele yake, kwa pembeni."

Nilidhani ananifundisha woga. Hoza naye akacheka. Malkia wake akaja mbio, akamla askari wa mbele. Ndipo nikaona kwamba yule wa nyuma alikuwa akimlinda mwenzake. Nikamla malkia, na mchezo ukawa wangu.

Leo najua kuwa ufunguzi ule una jina, na umeandikiwa vitabu. Siku ile Hoza alisema tu, polepole, "Nionyeshe tena."

Kesho yake nilishuka Mombo na baba, na katika kona zote za barabara ile nilikuwa nikimsimulia mchezo ule.