Siku Nilipompiga Manati Tai wa Padri

Harufu ya rangi ya mafuta ilinikamata ngazini, mtaa wa Sanyuanli huko Uchina, nilipokuwa nikienda kuulizia mzigo wangu wa nguo. Ndani ya chumba kimoja Mchina kijana alikuwa akinakili picha za kale za Ulaya, za kuuzia hoteli. "Laoban, karibu!" akaniita bosi, kama wanavyomwita kila mnunuzi. Kwenye turubai kulikuwa na tai mkubwa, kucha zake zimembeba mvulana. Jamani, miaka zaidi ya sitini ikanitoka mwilini!

Picha hiyohiyo, ya karatasi chini ya kioo, ilitundikwa katika darasa letu la dini kule misheni. Padri alitueleza kwa furaha kwamba ni kisa cha Wagiriki wa kale: mungu wao alijigeuza tai akamnyakua mtoto mzuri. Wachoraji wa Italia wakakitwaa kisa hicho wakakipa maana yao: mtoto ni roho, tai ni upendo wa Mungu unaoiinua juu.

"Baba Padri," akasema katekista wetu, mzee Yakobo, "huku kwetu ndege akishuka hivyo, tunaokota mawe."

Tulicheka hadi benchi likatikisika. Lakini mimi sikutulia. Nilikuwa mlinzi wa vifaranga vya mama, na mama alisema mwewe hafukuzwi kwa maneno. Jumamosi, nikifagia darasa peke yangu, nilimtazama yule mtoto, na mbwa wake chini akibweka bure. Nikatoa manati, nikavuta mpira hadi sikioni. Pwaa! Kioo kikamwagika, tai akatoboka kifua. Niliruka kwa shangwe, kama niliyeokoa kijiji kizima.

Kesho yake Padri akauliza ni nani. Macho yote yakamgeukia Yakobo, mtu wa mawe. Yeye akanitazama mimi. Mpira wa manati ulichungulia mfukoni mwangu.

"Kama mnadhani ni mimi, haya," akasema.

Akavuliwa ukatekista. Nami nikanyamaza.

Miaka minne nilipita kando ya shamba lake nikienda shule. Kila asubuhi aliegemea jembe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Una neno, mwanangu?"

"Sina, babu." Nikatimua mbio.

Nilidhani hajui. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba alijua tangu Jumapili ile, na kwamba kila asubuhi alikuwa akinipa nafasi nyingine. Kosa ni langu, si la utoto. Alizikwa akiitwa mvunja picha.