Mmumunye wa Fatu Uliokataa Kuzaa

Saa moja asubuhi, Kwamndolwa, Korogwe. Bibi Zamda ameinama uani kwake, anapekua majani ya mimumunye mitano iliyopanda uchanjani. Minne imebeba. Wa tano, ulionenepa kuliko yote, hauna hata tunda.

"Huu ni wa Fatu," anasema, kisha anaendelea kupekua.

Bibi Zamda ni mganga, ila usitafute kwake ngoma wala hirizi. Kazi yake ni kuwasikiliza waliofiwa na waliolemewa na mawazo. Malipo ni rupia moja ya Mjerumani na kuku mmoja. Wengi huleta kuku tu.

Siku ya kwanza mgonjwa hupanda mbegu yake. Kila Jumatatu huja, akamwagilia, akakaa, akazungumza. Tunda likikauka hulichuma na kwenda nalo kwake, likawa kibuyu cha maji. Siku hiyo uganga umekwisha, na hakuna kujadiliana.

Utaratibu huo ulizaliwa na kosa. Zamani, akiishi Handeni, alimtibu mkulima aitwaye Semboja, aliyefiwa na watoto wawili wakati wa njaa. Semboja alipona, lakini hakuambiwa aende. Akabaki kufagia uwanja wa mganga na kumpasulia kuni, huku shamba lake likigeuka pori. Mwaka wa tatu mkewe akarudi kwao.

"Niliona haya kumwambia basi," anasema Bibi Zamda. "Haya yangu ndiyo iliyomvunjia nyumba."

Fatu alikuja mwaka jana. Mumewe, Mhina, alifukiwa na udongo akichimba njia ya reli, mbele ya Mombo. Asubuhi aliyoondoka nyumbani walikuwa wamegombana. Mhina alisema, "Nakwenda," Fatu akageukia ukuta. Baada ya msiba alikaa miezi miwili bila kusema na mtu, hata mama yake mzazi.

Sasa anasema, analima, anacheka. Mmumunye wake tu ndio uliokataa kuzaa.

Lakini mmea haukukataa, anasema Bibi. Fatu huuchuma maua kila anapoinama kuumwagilia.

Mwandishi wa habari hizi anamuuliza amejuaje. Anacheka, nani asiyejua mimea ya uani kwake? Halafu anakiri jambo ambalo hakuulizwa. Maua hayo ameyaona nyuma ya kinu mwezi mzima, akanyamaza, kwa sababu wanawe wako mbali na Jumatatu bila Fatu ni siku ndefu. Anasikitika, wala hafichi.

"Mgonjwa kung'ang'ania si ajabu," anasema. "Mganga naye aking'ang'ania, nani atamtibu mwenzake?"

Jua linapopanda kidogo, Fatu anapiga hodi na kumwamkia. Bibi Zamda anaitikia shikamoo yake, anachukua jembe, na mbele ya macho ya Fatu anaukata mmumunye ule shinani.

Fatu anausogelea mmea, anaugusa. "Bibi, nimekukosea?"

"Tumekosea wote, mwanangu, na mimi zaidi. Wewe umepona siku nyingi."

Anamwekea mbegu tatu kiganjani akapande kwake mwenyewe. Fatu analia. Anasema ataondoka tu, hana haja ya kuaga, na tayari amekwisha kumpa mganga mgongo. Bibi anamzuia. Anamwambia hapa haondoki mtu kimya kimya. Aage, naye ataitikiwa.

Fatu anageuka kumtazama. Kuku wanapita katikati yao.

"Nakwenda, Bibi," anasema Fatu hatimaye.

"Nenda salama, mwanangu."

Fatu anarudia neno lile peke yake, "Nenda salama," kwa sauti ndogo, akiwa ameelekea upande wa Mombo. Kisha anafunga mbegu kwenye pindo la kanga na kushika njia.

Bibi Zamda hamsindikizi. Anang'oa mizizi iliyobaki, apate nafasi ya mgonjwa mwingine. Tumaini lake, anasema, ni kwamba siku moja watakutana sokoni Korogwe, Fatu amwamkie, aulize bei ya mahindi, apite zake.