Bomba la boila lisiloshika kutu, na dada yangu Mwanamisi

Wakuu, salaam kwenu nyote. Haya niliyaona kwa macho yangu, na aliyepatwa ni dada yangu wa tumbo moja. Sina haja ya kuongeza chumvi. Ningeweza kupunguza, ningepunguza.

Miaka ya tisini ikiishia, mimi na da Mwanamisi tulikuwa tukifanya kazi kwenye nyumba za wageni kule Galu, tukitoka kwetu Mwabungo kila asubuhi. Mimi nilitandika vitanda, yeye alikuwa dobi.

Maji ya moto yalitoka kwenye boila ya makaa iliyowekwa ndani ya chumba chake cha kufulia, bomba la moshi likitokea juu ya paa.

Sasa, mnaokaa karibu na bahari mnajua, chuma huku hakidumu. Chumvi ilikuwa ikilila lile bomba mpaka linatoboka, na masizi yanadondokea mashuka meupe. Dada anafua, bomba linachafua, anafua tena.

Siku moja meneja wetu, mtu wa bara, akaja na fundi na bomba la plastiki, lile la maji machafu. Hakuwa mtu mbaya (hili naliandika kwa shida).

"Hii chuma inaoza kila saa," akasema. "Plastic haishiki kutu. Hapo mmemaliza."

Tulifurahi. Dada ndiye aliyefurahi kuliko wote.

Na kweli lilikaa vizuri, maana ilikuwa low season, wageni wawili watatu, moto mdogo. Moshi ulikuwa unatoka vuguvugu tu. Hapo ndipo tulipodanganyika wakuu.

Zikaja mvua za El Nino, na katikati ya mvua likaja kundi la wageni likajaza nyumba zote. Boila ikakolezwa makaa tangu alfajiri.

Niliyajua haya baadaye, wakati hayanisaidii kitu: boila ikikolezwa, joto kwenye bomba la moshi laweza kupita nyuzi mia mbili. Plastiki ile hulegea hata kabla ya kufikia joto la maji yanayochemka.

Bomba likalainika pale kwenye kona chini ya paa, likajikunja, likajiziba, hewa ya sumu ya makaa ikarudi chumbani. Hakuna aliyeona, kwa sababu makaa yakishakolea hayatoi moshi wa kuonekana. Na dada alikuwa amefunga mlango na dirisha ili mashuka aliyoyaanika ndani yasipigwe na mvua.

Nilipopita kuchukua mashuka nikamkuta ameegemea ukuta.

"Kichwa chaniwanga," akaniambia. "Ni njaa hii. Niletee chai, mdogo wangu."

Niliporudi na chai alikuwa chini, shavu juu ya rundo la mashuka. Nikamburuta mpaka nje kwenye mvua, nikilia, nikimwita.

Hospitali walimpa oksijeni, akazinduka. Akarudi nyumbani akizungumza na kucheka. Tukasema alhamdulillahi, tukapika, majirani wakaja.

Wiki chache baadaye akaanza kusahau. Kwanza njia ya kisimani. Kisha jina la mwanawe. Daktari akatuambia ni ile hewa ya makaa, hudhuru ubongo, na wengine madhara huwarudia wakati wameshapona.

Hakurudi tena. Miaka yote hii nakaa naye na bado namkosa.

Kwa hiyo wakuu, bomba la boila ya makaa ni la chuma kinene, au stainless kama unaweza. Kutu mtaiona kwa macho na mtabadilisha. Plastiki ilikuwa nyeupe mpaka siku ile. Na boila msiiweke kwenye chumba wanachokaa watu.

Kama kuna mwenye ndugu aliyepatwa hivi akapata nafuu, aniandikie hapa chini. Nimeshauliza kwingi na majibu nayajua, ila andikeni tu.

Asubuhi hii ameniuliza kama maji yameshapata moto. Nimemjibu, "Yameshapata, dada." Akashukuru, akaendelea kukunja shuka lile lile la jana.