Filimbi Nilimvua Kocha, Fomu Nilijaza Mimi

Nimekosa, tena kosa lenyewe lina saini yangu. Lakini ngojeni kwanza niwaambie siku niliyopasuka.

Ilikuwa Agosti, skuli bado zimefungwa, na jua la London siku hiyo lilikuwa halina huruma. Mwanangu wa kike, miaka kumi na minne, kalala kwenye majani ya uwanja wa mpira wa skuli, kashika miguu, analia bila ya sauti. Wenzake wanamzunguka tu wanakimbia. Kocha kasimama, mikono kiunoni.

"Anajidekeza," akaniambia. "Bado mizunguko minne. Maji ni baada ya mizunguko."

Maji baada ya mizunguko! Nikaruka kamba ya kuzuia watazamaji, nikamvua filimbi shingoni, nikaivurumisha huko. Nikamtukana kwa Kiingereza mpaka kikaniishia, nikamalizia kwa Kiswahili.

Yeye wala hakupandisha sauti. "Mama, si wewe uliyeandika kwamba mtoto hana ugonjwa wowote?"

Nikampita, nikamuinua mwanangu.

Mwanangu ana siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Akikaukiwa na maji au akichoka kupita kiasi, damu inakwama kwenye mishipa, na maumivu yake, Ya Rabbi, usimuombee hata adui! Daktari alisema acheze, lakini anywe maji kila mara na apumzike akichoka. Akanipa barua ya kupeleka skuli.

Sikuipeleka. Ofisini pale skuli yuko mwanamke wa kwetu Unguja, tunakutana naye kila harusi. Mama mkwe wangu, tunayekaa naye nyumba moja, alinikuta na kalamu mkononi, najaza fomu ya timu, nimefika penye swali la ugonjwa.

"Wee! Unaandika nini hapo? Yule akishaisoma, Ijumaa haifiki mji mzima unajua. Mtoto wa kike huyo! Nani atakuja kumposa?"

"Lakini mama, daktari kasema..."

"Daktari ndiye atakayemuoza?"

Nikaandika hana ugonjwa. Barua nikaitia kabatini, chini ya kanga. Na mtoto nikamkanya: usimwambie mtu!

Sasa sikilizeni sheria za yule kocha. Wiki mbili kabla ya msimu, mazoezi asubuhi na mchana. Ukikosa hata mara moja, jezi hupati. Mwanangu akirudi anachechemea. Nikimwambia kesho pumzika, ananijibu kwa Kiingereza chake: "Mum, nikikosa ananitoa." Na kuomba ruhusa hawezi, kwa sababu ataulizwa kwa nini, na mdomo nimemfunga mimi. Mimi, mama yake!

Kutoka pale uwanjani, siku tisa tulilala hospitali. Dripu, oksijeni, sindano za maumivu. Sasa wanamwangalia nyonga, wanahofia mfupa umekosa damu, na mpira basi, hawajui mpaka lini. Siku ya tatu akageukia ukutani, akasema, "Ulinionea haya."

Wallahi bora angenipiga kofi.

Nikataka kushtaki, mume wangu akanishika mkono. "Tia akili! Ukimshtaki watatoa ile fomu. Watu wa sosho, wale wa serikali wa kulinda watoto, watakuja mlangoni, watasema mama kamficha mtoto maradhi. Wamchukue?"

Basi nikabanwa. Nikisema, najikamata mwenyewe. Nikinyamaza, yule bwana atampuliza filimbi mtoto wa mwenzangu mpaka aanguke. Wiki tatu napika sili, nalala sipati usingizi, na kila kengele ya mlango ikilia nachungulia dirishani kwanza.

Mama wenzangu, haya tunayaogopa kwa sababu ya watu ambao siku ya hospitali hawakuja hata na chupa ya uji. Andikeni maradhi ya watoto wenu! Na sheria za mazoezi zisomeni kabla ya kutia saini. Mimi sikuzisoma, nilitaka tu fomu iondoke mezani.

Jumatatu nimepeleka malalamiko kwa mwalimu mkuu na bodi ya skuli, kurasa mbili, kwa mkono wangu. Ukurasa wa kwanza nimesema nilidanganya, na barua ya daktari nimeiambatanisha. Wa pili nimesema hata mtoto mzima kama chuma hanyimwi maji juani, wala hatishwi kunyang'anywa jezi kwa kuumwa. Nataka sheria hiyo ifutwe, na kocha anijibu kwa maandishi. Hapa kwenu sijitaji jina. Kule skuli nimeandika jina langu kamili, na la baba yangu, na nambari ya nyumba tunayokaa.